Bendera ku lupango ya patroni: konsuli wa heshima anatumikia nani?

Vijana wenzetu wa Katuba, wa Kenya, wa Ruashi, wa Kampemba, na ninyi wa Likasi na Kolwezi wenye munatusoma,

Kila mwaka munaona picha ile ile. Meza yenye maua, bendera mbili nyuma, ya kwetu na ya inchi fulani ya mbali. Bwana mumoja wa kravati anashika kilauri na kusema ya kama urafiki wa mataifa haya mawili unasonga mbele. Guvernera ametuma mujumbe. Wakubwa wa makampuni ya madini wako pale, mwanamuziki amelipwa, petits-fours zinatembea. Kesho yake picha inazunguka mu WhatsApp, na siye wenye diplome ndani ya sashe ya plastiki tunaiangalia tukiulizana: urafiki huu unafikaka wapi? Kwetu haujafika.

Bwana wa kravati njo konsuli wa heshima. Wengi wetu tunapita mbele ya plake yake kila siku bila kujua ni nini. Tuseme wazi, sababu kwa jambo hili ujinga wetu unawafaidisha wengine.

Kuna makonsuli wa aina mbili. Wa kwanza ni mutumishi wa serikali ya inchi yake: anatumwa, analipwa mushahara, miaka ikipita anaenda kwingine. Zambia na Tanzania ziko na watu kama hao hapa Lubumbashi. Wa pili ni mukaaji wa hapa hapa, mara nyingi mufanyabiashara, wakati mwingine Mukongomani kabisa, mwenye inchi fulani imemuomba aisimamie. Halipwi mushahara. Anaendelea na depo yake, na malori yake, na kampuni yake, na juu ya mulango anatundika alama ya inchi ile. Huyu wa pili njo tunazungumza.

Hii kitu haikuanguka toka juu. Kuna mapatano ya Vienna ya tarehe 24 mwezi wa 4, 1963, juu ya uhusiano wa kikonsuli. Wengi kati yetu tulisoma mambo hayo mu relations internationales, tukapita mitihani, na leo tunauza uniti kando ya barabara. Basi, hata tukikosa kazi, kusoma tulisoma. Sura ya tatu ya mapatano yale, kifungu cha 58 mpaka cha 68, inawahusu hao wa heshima. Na kifungu cha 5 kinasema kazi ya konsuli ni nini. Kulinda watu wa inchi yake na faida zao, ndiyo. Lakini vilevile kukuza uhusiano wa biashara, wa uchumi, wa utamaduni na wa elimu kati ya inchi mbili. Tena kuchunguza, kwa njia halali, hali ya maisha ya inchi mwenye anaishi, na kuandikia serikali yenye ilimutuma.

Soma tena: biashara, uchumi, utamaduni, elimu. Maneno ine. Ku Lubumbashi tunaona moja. Moja na nusu, tukihesabu ile tamasha ya muziki.

Mwezi uliopita tuligawana vikundi vidogo, tukaenda kugonga milango yenye plake. Hatukuenda na kelele. Tulivaa vizuri, tulibeba barua moja ya ukurasa moja, yenye maswali matatu: ni buruse gani inchi yenu inatoa kwa Wakongomani mwaka huu? Ni wapi kijana wa Lubumbashi anaweza kupata habari hiyo bila kulipa mutu wa katikati? Ni siku gani buro yenu inafunguliwa kwa raia?

Mulango wa kwanza sentineli alituambia patroni iko ku mine. Wa pili, sentineli alisema patroni iko Ulaya. Wa tatu tulikuta buro ya kweli, na sekretere wa kweli, lakini ilikuwa buro ya kuuza vipuri vya malori. Bendera ilikuwa kati ya kalenda ya mafuta ya mutambo na bei ya filtre. Yule mama alisoma barua yetu mpaka mwisho, akatuangalia na huruma, akasema: "Batoto, mambo ya viza ni ku Kinshasa." Hatukuwa tumeuliza viza. Hakuna kwenye barua neno viza. Lakini kijana mweusi akigonga mulango wenye bendera, jibu liko tayari kabla hajafungua kinywa.

Mulango wa ine tunausema na furaha, sababu hatutaki kudanganya mutu. Muzee mumoja, wa jamaa ya wafanyabiashara wenye walifika hapa wakati wa wakoloni, alituingiza mu nyumba, akatupa chai. Akafungua kabati na kutuonyesha madosie: mwanamuke wa inchi yake mwenye alikufia hapa bila ndugu, na namna alivyotafuta jamaa yake, mwalimu wa Lubumbashi mwenye alimutafutia nafasi ya mafunzo ya miezi mitatu, barua alizoandika yeye mwenyewe kuomba vitabu. Pesa ya timbre anatoa mufukoni mwake. Tulimuuliza sababu gani hasemi kazi hii mbele ya watu. Akacheka: "Nikisema, mutajaa hapa hamusini kila asubuhi. Niko peke yangu na mugongo unaniuma."

Muzee huyu anatuonyesha ya kama kazi inawezekana. Anatuonyesha pia ugonjwa wenyewe: yote inategemea roho ya mutu. Ukiangukia kwa mutu mwema, uko na bahati. Ukiangukia kwa muuza vipuri, pole. Uhusiano wa inchi mbili hauwezi kuwa sawa na loto.

Na sasa tuseme juu ya faida, sababu watu wanasema "lakini hawalipwi". Kweli, hawalipwi. Lakini mujiulize sababu gani watu matajiri wanatafuta kwa nguvu kazi isiyolipwa. Gari yenye herufi CC, polisi wa rulaje hasimamishi. Mukubwa wa duane, mbele ya plake, sauti yake inapungua. Kualikwa kwa guvernera, kukaa mustari wa mbele, kupiga picha na ministre mwenye kesho atasaini karatasi ya mine. Ni mushahara gani unashinda ule?

Hapa njo tunaomba kila mumoja aweke maneno haya mu kichwa, sababu hata polisi wengi hawayajui. Mapatano ya Vienna hayakuwapa hao watu kila kitu. Konsuli wa heshima akiitwa na tribunali kwa kosa la jinai, anapaswa kufika: ni kifungu cha 63. Ulinzi wake ni kwa matendo ya kazi ya konsuli tu, haiko kwa biashara yake. Na kama ni Mukongomani, au mwenye makao ya kudumu hapa, kifungu cha 71 kinapunguza tena. Kuhusu duane, kifungu cha 62 kinataja vitu vyenye havilipishwi: alama za inchi, bendera, plake, mihuri, vitabu, karatasi za kazi, meza na viti vya buro, na vitu vya namna ile, tena vyenye vimetumwa na serikali ya inchi ile kwa kazi ya buro. Jeep ya madame haimo. Kontena ya bia haimo. Soma mara mbili ukitaka, haimo.

Tunasema hivi bila kumushitaki mutu wa hapa. Hatuna dosie ya mutu mkononi na hatuandikake masengenyo. Lakini mwaka 2022 waandishi wa habari wa inchi mingi, wakiongozwa na muungano wa ICIJ pamoja na ProPublica, walichunguza makonsuli wa heshima duniani. Walikuta hakupungui 500, wa leo na wa zamani, wenye walishitakiwa kwa makosa au kuingia mu mambo ya haya mbele ya watu. Mia tano. Silaha, pesa chafu, madawa ya kulevya. Basi kama ugonjwa huu uko duniani pote, inchi yenye kobalti na shaba na mipaka ya wazi kama yetu inawezaje kuamini ya kama haitaguswa? Kuuliza haiko matusi.

Wengine watatuambia: vijana, hayo ni mambo ya wageni, inchi zao zinachagua nani zinataka. Si kweli. Konsuli hawezi kufanya kazi bila kibali cha serikali yetu, kile wanaita eksekwatur, na Kinshasa inaweza kukiondoa. Kama muchaguliwa ni Mukongomani, mapatano yanaomba serikali yetu ikubali waziwazi. Kifungu cha 68 kinasema hata zaidi: kila inchi iko huru kukubali makonsuli wa heshima au kuwakataa kabisa. Kwa hiyo kila plake munayoona ku Golf ao ku centre-ville iko na sinyatire ya mukubwa mumoja wa kwetu. Huyo alisaini juu ya nini? Aliuliza swali gani? Katiba yetu kifungu cha 10 inasema uraia wa Kongo ni mumoja, hauchangwi na mwingine. Maskini mwenye alitafuta pasipoti ya pili ili apate kazi anahesabiwa kama amesaliti. Tajiri mwenye anatumikia bendera ya pili anapewa kiti cha mbele. Tunajua, sheria inatofautisha vitu hivyo viwili. Siye tunazungumza juu ya macho, namna raia anaona.

Na tusisahau ya kama muji huu unajua makonsuli toka zamani. Kati ya 1960 na 1963, wakati Katanga ilijitenga, hakuna hata inchi moja ilitambua Katanga mbele ya dunia. Lakini makonsuli walibaki Élisabethville, wa Ubelgiji, wa Uingereza, wa Ufaransa, wa Marekani, milango wazi. Inchi zao zilisema "hatutambui", na huku mabwana hao waliendelea kukutana na wakubwa wa Katanga. Babu zetu waliona kwa macho yao namna bendera ndogo ku mulango inaweza kufanya siasa kubwa bila mutu kuulizwa. Kwa hiyo mutu asitwambie ya kama hii ni kitu kidogo cha cocktail.

Historia ile ile iko na mufano mwingine, na huu tunaupenda. Mwaka 1903 konsuli wa Uingereza, jina lake Roger Casement, alipanda muto Kongo na kuenda kusikiliza watu mu vijiji. Hakuwa wa heshima, alikuwa mutumishi wa mushahara, na Uingereza haikuwa mama yetu. Lakini alifanya kazi yenye kifungu cha 5 inasema leo: alichunguza, akaandika. Mikono yenye kukatwa, kaucho yenye kutafutwa kwa fimbo, vijiji vyenye vilibaki bule. Ripoti yake ilitoka 1904, na miaka ine nyuma Leopold alinyanganywa Kongo, ikaenda kwa serikali ya Ubelgiji. Haikutuokoa, tunajua vizuri. Lakini konsuli mumoja mwenye kuandika ukweli aliogopesha mufalme.

Leo kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi, nani anaandika? Makonsuli wa heshima wa inchi zenye kununua kobalti yetu wanaandikia serikali zao nini juu ya wachimbaji wa mikono? Juu ya maji ya muto yenye asidi? Wanapita barabara ile ile na siye. Ao wanaandika tu bei ya tone?

Kuna jambo lingine linatuumiza. Mwaka 1995 serikali yetu ilimukamata ku Kinshasa mufanyabiashara wa Guinée, Ahmadou Sadio Diallo, mwenye alikaa hapa miaka zaidi ya makumi tatu. Mwezi wa kwanza 1996 akafukuzwa. Guinée ikaenda mbele ya tribunali ya kimataifa ya La Haye. Tarehe 30 mwezi wa 11, 2010, tribunali ikasema Kongo ilivunja haki zake, na kati ya makosa moja ilikuwa hii: hakuambiwa ya kama iko na haki ya kuita konsulati yake. Mwaka 2012 Kongo ikaamuriwa kulipa dola 95.000. Guinée haiko tajiri kushinda siye. Lakini ilitembea miaka mingi juu ya mwana wake mumoja.

Siye tukikamatwa mu inchi ya wengine, nani atatembea? Kongo pia iko na makonsuli wa heshima huko inje. Nani aliwachagua, kwa mashindano gani? Majina yao yanatundikwa wapi ili mama wa Kamalondo, mwenye mutoto wake yuko gerezani mbali, ajue namba ya kupiga? Ukiuliza, wanakwambia enda ku Kinshasa. Toka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1.500, barabara unajua mwenyewe, na bei ya ndege unajua pia.

Mwenzetu mumoja, hatutasema jina yake wala inchi, alikubaliwa kusoma master inje. Barua ilikuwa ya kweli, buruse ya nusu ilikuwa ya kweli. Alikuwa na wiki tano. Alienda mara sita ku plake ya inchi ile hapa Lubumbashi kuomba tu waandikie ambasade ya kama dosie yake ni ya haki, ili apewe rendez-vous ya haraka. Mara ya sita waliacha kumufungulia. Familia iliuza friji, akapanda ndege, alifika Kinshasa siku mbili baada ya tarehe. Leo anafundisha mu shule moja ku Annexe bila kulipwa mushahara wa serikali. Wiki yenye alikosa safari, bwana wa plake alikuwa mu picha, kilauri mkononi, akisema juu ya "vijana, daraja la mataifa". Tuliona ile picha pamoja na mwenzetu. Hakusema kitu. Alizima telefone.

Tukubali kosa letu pia. Wengi wetu tukiona bendera tunaona mulango wa kutoka tu. Hatuulizake juu ya soko la asali ya Kundelungu, juu ya vitabu, juu ya mafundi wa kwetu kuenda kujifunza na kurudi. Tunauliza: "Papa, unaweza kunipeleka?" Kwa hiyo nao wamezoea kutuona kama watu wa kukimbia. Tuache. Tuende pale kama watu wa muji wenye kudai kazi ifanyike.

Angalia mwezi wa 8, 2024. Kinshasa ilikuwa imekataza bia na vinywaji vya sukari toka inje, waendesha malori wakaandamana Kasumbalesa, na tarehe 10 Zambia ikafunga mupaka. Siku chache tu, kisha ikafungua. Lakini kila mutu wa Lubumbashi mwenye anakula bukari anajua unga wetu unapita wapi. Siku zile, uhusiano wa inchi mbili haukuwa neno la hotuba, ulikuwa sahani ya jioni. Na ni siku zile njo tulitaka kuona watu hawa wote wenye "kukuza biashara" wakikaa meza moja na mama wauzaji wa unga, na waendesha malori, wakitafuta njia. Picha ya siku hiyo hatukuiona.

Basi tunadai hivi, na tumeandika ivi ivi mu barua kwa ministère ya mambo ya inje na kwa guvernera. Liste ya makonsuli wote wa heshima wenye eksekwatur mu jimbo itundikwe wazi, pamoja na biashara ya kila mumoja, ili tujue bendera inaishia wapi na depo inaanzia wapi. Duane iseme vitu gani vilipita bila malipo kwa jina la konsulati. Kila plake iwe na siku moja ya juma yenye raia anapokelewa, na habari za buruse zitundikwe inje, ku ukuta, kwa bure. Mwenye hawezi kazi hii airudishe. Kuna wazee wema na kuna vijana wenye kusoma wenye wanaweza. Na Kongo ifanye vile vile kwa makonsuli wake wa inje, sababu hatuwezi kuomba wengine wafagie wakati lupango yetu iko chafu.

Juma mosi tutapeleka nakala ya barua ku kila plake yenye tunajua. Tunakutana saa tatu ya asubuhi mbele ya posta. Njoo na nakala ya diplome yako, haiko ya asili, nakala tu, tutaziambatanisha na barua. Hakuna majiwe, hakuna matusi kwa sentineli: nao ni wakaaji kama siye na mushahara wao tunaujua. Tukiambiwa patroni iko Ulaya, tutaacha barua, tutaomba akizé yenye muhuri, na tutarudi juma mosi yenye kufuata. Mwenye ana kalamu nyingi, alete mbili.